Bustani ya Mivinjeni ni ya Nani?

Katika mtaa wa Mivinjeni, Bagamoyo, siku ilianzia bustanini. Kabla jua halijakaza, wanawake walipita na ndoo kwenda bombani. Bomba la maji lilikuwa upande wa pili wa bustani, karibu na barabara ya hospitali. Njia ilikatiza katikati ya mivinje, nayo ilikuwa nyeupe kwa kukanyagwa. Wazee walikaa kwenye viti vya saruji wakipiga soga. Bi Mwanaasha alitandaza miyaa yake juani, apate kusuka mikeka. Saa kumi jioni watu wazima wa mtaa walikuja pale pale na daftari zao, wakasoma kisomo.

Nyumba ya Bi Mwanaasha ilitazamana na bustani. Alikaa na mwanawe Mtoro na mke wa Mtoro, jina lake Sihaba, pamoja na watoto wao. Mtoro alikuwa mchoma mikate. Alifanya kazi usiku, akalala mchana. Sihaba alikaanga kachori, akaziuza barazani. Kachori zake zilikuwa nzuri, lakini wanunuzi walikuwa wale wale majirani. Jirani akila kachori mbili leo, kesho hazitaki tena.

Mwaka 1970, masika yalipokwisha, akaja Msabaha.

Msabaha alikuwa mzaliwa wa Bagamoyo, ila alikuwa ameishi Dar es Salaam miaka mingi. Alirudi na lori lililojaa mabenchi, bembea, vipaza sauti na injini ya umeme. Alikuwa na kibali cha kufanya tamasha bustanini. Jumamosi ya kwanza alileta bendi ya dansi na mtu wa mazingaombwe. Watu walitoka Fukayosi. Wengine walipanda basi kutoka Msata.

Sihaba alikaanga kachori mia. Zikaisha kabla ya magharibi.

"Mama," alimwambia mkwewe, "leo hata mafuta yaliyobaki kwenye karai wangeyanunua!"

Bi Mwanaasha alicheka mpaka akajishika mbavu. Siku ile mtaa mzima ulifurahi.

Lakini Jumamosi ikazaa Jumapili, na Jumapili ikazaa Ijumaa. Msabaha akazungushia bustani yote ua wa makuti, ili watu wasiingie bila tiketi. Njia ikazibwa. Wanawake wakawa wanazunguka mbali kwenda kuteka maji. Kisomo kikahamia kwenye baraza ya mtu, halafu kikafa. Miyaa ya Bi Mwanaasha ikakanyagwa na matairi ya lori. Chupa zilizovunjika zikabaki kwenye majani, na watoto wakakatwa nyayo. Kipaza sauti kimoja kilielekea moja kwa moja dirishani kwa Mtoro.

"Sihaba," Mtoro alisema siku moja, macho mekundu, "jana nimeunguza mikate. Usingizi umenikamata nimesimama mbele ya tanuri."

"Sasa mimi nifanyeje, mume wangu? Nimwambie anyamaze mtu anayeniletea wanunuzi?"

"Majirani wanasema wewe uko upande wake."

"Mimi niko upande wa karai langu," alijibu Sihaba. Alisema hivyo kwa mzaha, lakini moyoni neno lile lilimchoma. Alikuwa ameanza kuona wenzake wakinyamaza anapofika bombani.

Mwezi ule Tabia, dada yake Mtoro, alirudi kwa mama yake kutoka Mkange. Alikuwa na mimba ya kwanza, akaja kujifungulia kwao, kama ilivyo desturi.

Jumamosi moja, saa kumi na moja jioni, Sihaba alikuwa ndani ya ua wa Msabaha, alikokuwa anauzia kachori siku hizo, anakata vitunguu. Dansi lilikuwa limepamba moto. Mara akasikia watu wanagonga makuti kwa nje.

"Fungueni! Tuna mgonjwa!"

"Mlango uko mbele," mlinzi aliwajibu. "Zungukeni!"

"Huko mbele kumejaa watu na magari! Tutapitaje na kitanda?"

Sihaba aliitambua sauti ile. Ilikuwa ya Mtoro. Alichungulia katikati ya makuti. Aliona wanaume wanne wamebeba kitanda cha kamba. Tabia alikuwa amelala juu yake, jasho linamtoka, ameuma pindo la khanga. Bi Mwanaasha alikuwa amemshika mkono, midomo yake ikisoma dua.

Sihaba hakumwomba mlinzi. Aliushika ua kwa mkono mmoja, na kwa kisu chake cha vitunguu akakata kamba, moja baada ya nyingine. Makuti yakaanguka.

"Pisheni!" alipiga kelele. "Pisheni mzazi!"

Wachezaji waligeuka. Bendi ikanyamaza, chombo kimoja kimoja. Watu wakajigawa pande mbili, na kitanda kikapita katikati yao, kikitumia njia ile ile ya siku zote. Sihaba alikimbia mbele akiwasukuma watu kwa viwiko, na upande wa barabara ya hospitali akakata kamba tena, wakatoka.

Tabia alijifungua mtoto wa kike muda mfupi baada ya kufika hospitali. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Mkunga alitoka nje akifuta mikono, akasema, "Mama na mtoto wazima, alhamdulillahi. Lakini mngechelewa kidogo, sasa hivi tungekuwa tunasema mengine."

Sihaba alikaa chini kwenye sakafu ya ukumbi. Bi Mwanaasha alikaa karibu naye. Akamtoa maganda ya vitunguu yaliyomganda kwenye kiganja.

Aliporudi kuchukua karai lake, Sihaba alimkuta Msabaha amesimama mbele ya makuti yaliyoanguka.

"Mgonjwa vipi?" aliuliza.

"Mzima. Amepata binti."

"Alhamdulillahi. Lakini dada, umenivunjia ua mbele ya watu. Wengine mia wameingia bure. Kesho usilete karai lako hapa."

Habari ile ilienea upesi. Vijana wa mtaa wakaapa kwamba watautia moto ua wote. Mzee Mwinshehe, balozi wa nyumba kumi, aliwazuia.

"Moto haujui makuti ya Msabaha na makuti ya paa lako," aliwaambia. "Nipeni siku moja."

Asubuhi yake alikuja nyumbani kwa Bi Mwanaasha na Bi Mardhiya, Bibi Maendeleo wa wilaya, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasaidia wananchi katika mambo ya maendeleo. Mama yule aliegemeza baiskeli yake ukutani, akavua viatu, akaketi mkekani.

"Shikamoo, bibi. Hongera kwa mjukuu."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante," alijibu Bi Mwanaasha.

Bi Mardhiya aliwasikiliza wote, mmoja mmoja. Hakumkatiza mtu. Mwisho akauliza, "Bustani hii ni ya nani?"

"Ya serikali," alisema Mtoro.

"Ya mwenye kibali," alisema Sihaba.

"Ni yenu," alisema Bi Mardhiya. "Halmashauri inaitunza kwa niaba yenu. Inaweza kumruhusu mtu afanye biashara yake pale, maana biashara nayo ina faida kwa mji. Lakini kibali ni kuazimwa mahali, si kuuziwa. Mtu akikuazima kanzu utaivaa. Huikati mikono. Haya, nani kati yenu amekisoma kibali cha Msabaha?"

Walitazamana. Hakuna aliyekisoma.

"Kibali cha mahali pa watu wote si siri. Raia ana haki ya kwenda ofisini akaomba kukiona. Twendeni kesho."

Jumatatu walikwenda watatu: Mzee Mwinshehe, Bi Mardhiya na Sihaba. Karani akafungua faili, akawapa karatasi. Bi Mardhiya alimsogezea Sihaba.

"Wewe ulikuwa kisomoni. Soma."

"Mimi? Nilisoma miezi mitatu tu."

"Inatosha kuanzia."

Sihaba aliweka kidole chini ya herufi. Alisoma polepole, jasho likimtoka puani. "Ju-ma-mo-si mbili za kila mwezi." Akainua macho. "Mbili tu?"

"Endelea."

"Nji-a ya wa-na-nchi i-si-zi-bwe."

Alirudia maneno yale mara ya pili, safari hii bila kukata. Kumbe jambo lililomfanya akate kamba kwa kisu lilikuwa limeandikwa siku zote. Lakini kibali hakikusema neno juu ya saa ya kufunga, wala kelele, wala takataka.

"Basi tuna mambo mawili," alisema Bi Mardhiya walipotoka nje. "Yaliyoandikwa, yafuatwe. Yasiyoandikwa, tukubaliane, tuombe yaongezwe. Itisheni mkutano. Na Msabaha aitwe."

"Yeye wa nini?" aliuliza Mzee Mwinshehe.

"Mkutano wa kumsema mtu asiyekuwepo ni umbea, mzee wangu."

Jumatano jioni watu walijaa bustanini. Msabaha alikuja peke yake. Kabla hata hajaketi, mtu mmoja alipiga kelele, "Aondoke!" Wengine wakaitikia. Msabaha alisubiri mpaka wakachoka.

"Juu ya njia nimekosa," alisema. "Karatasi niliisoma juu juu, nikaitia mfukoni. Yule dada wa watu angekufa, ningejibu nini mbele ya Mungu? Lakini mimi nina watu kumi na wawili wanaokula kwa kazi hii. Mkinifukuza, mmewafukuza wote."

Kelele zikaanza tena. Sihaba alisimama. Alimtazama mkwewe, akaogopa, lakini hakuketi.

"Mimi ndiye niliyekata ua," alisema. "Na mimi ndiye nisiyetaka aondoke."

Watu wakaguna.

"Ngojeni. Kachori zile zimewanunulia wanangu nguo za shule. Siwezi kusema tamasha ni baya. Lakini nilikaa ndani ya ua nikitazama karai langu, nisijue nje yake nani analia. Niliona mume wangu halali, nikafanya mzaha. Hilo ni kosa langu, si la Msabaha."

Bi Mwanaasha aliinua kichwa. "Sasa wewe unataka nini, mwanangu?"

"Nataka vyote viwili, mama. Nataka njia, na nataka ngoma."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi wakacheka. Msabaha naye akatabasamu.

Bi Mardhiya aliokota kijiti, akachora bustani mchangani: hapa mivinje, hapa bomba, hapa nyumba. "Ndugu Msabaha, huwezi kuzungushia nusu hii ya mashariki tu?"

"Naweza. Bendi itabanana kidogo."

"Ibanane," alisema Mtoro. "Na vipaza sauti uvielekeze huko kwenye minazi, si dirishani kwangu."

"Sawa. Lakini saa ya kufunga msiniwekee mapema mno. Watu wa shamba wanafika jioni."

"Saa tatu," alisema mzee mmoja.

"Saa tano."

Walivutana, wakakutana saa nne. Mwanamke mmoja alitaka bendi inyamaze inapoadhiniwa. Msabaha alisema hilo hakuhitaji kuambiwa, na watu wakamkumbusha kwamba alihitaji. Chupa na taka ziondolewe kesho yake asubuhi kabla watoto hawajatoka kucheza. Wauzaji wa mtaa wapewe nafasi kwanza. Kuhusu choo walibishana mpaka jua likazama, ndipo Msabaha akakubali kujenga kimoja cha makuti kwa watu wake.

Mzee Mwinshehe aliyaandika yote. Aliyejua kuandika alitia jina lake, na asiyejua alitia dole gumba. Barua ilikwenda halmashauri. Baada ya wiki mbili, masharti yale yaliongezwa kwenye kibali, na nakala yake ikabandikwa kwenye ubao pale bustanini, ili kila mtu ayasome.

Mambo yakatengenea. Wanawake walipita na ndoo hata siku ya tamasha. Mtoro alilala. Kisomo kilirudi saa kumi, na Sihaba sasa aliketi mstari wa mbele. Kachori zake ziliuzwa Jumamosi mbili tu kwa mwezi, lakini watu wa Msata walikuwa wameshamjua, wakawa wanamfuata nyumbani hata siku za kawaida.

Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba, lori la Msabaha lilifika kama kawaida, na bendi ilikuwa imeshatoka Dar es Salaam. Adhuhuri ile ile Mzee Sadallah, fundi wa baiskeli, alifariki dunia katika nyumba iliyo ukingoni mwa bustani. Majirani walisimama barazani, hawajui la kufanya. Karatasi haikusema kitu juu ya msiba.

"Leo ni siku ya Msabaha," alisema Mtoro kwa sauti ya chini. "Hatuna haki ya kumzuia."

Msabaha aliona watu wanaingia na kutoka katika nyumba ile. Akauliza, akaambiwa. Akawageukia wafanyakazi wake.

"Shusheni mabenchi na turubai, mpeleke msibani. Vipaza sauti viacheni loriini."

Wanamuziki walipofika, wakaenda maziko na watu wa mtaa. Sihaba alipeleka kachori zake zote kwa wafiwa.

Jioni ile Bi Mwanaasha alimwita Mzee Mwinshehe.

"Siku ya Msabaha imechukuliwa na msiba wetu. Apewe Jumamosi ijayo."

"Masharti yanasema mbili kwa mwezi, bibi."

"Najua yanavyosema. Dole gumba langu limo mle. Nenda ofisini ukamwombee."

Kibali cha siku ile moja kikatolewa. Jumamosi iliyofuata, lori liliposimama, Mtoro alikuwa ameshaamka. Hakuna aliyemtuma. Alishika upande mmoja wa makuti, Msabaha akashika upande wa pili. Wakaanza kusimamisha ua pamoja, na walipofika penye njia wakaacha nafasi ya kutosha kupita kitanda.