Taa za Ukuta wa Nyuma

Soko la Kasongo lilikuwa limejaa hata wenye baiskeli walishuka wakazisukuma. Chadia alikuwa anajipenyeza kati ya mama wauza mchele na mama wauza samaki, amevaa kitenge cha kijani chenye maua ya njano na mtandio mweupe, alipohisi mtandio unavutwa kwa nyuma. Akageuka, mkono umeshainuka.

“Pole, dada! Si mimi. Ni taa zangu!”

Mbele yake alisimama kijana mrefu wa shati la bluu, begani amebeba kamba za taa ndogondogo. Taa moja ilikuwa imeuma mtandio wa Chadia na haikutaka kuuachia.

“Basi ziambie taa zako ziniache.”

“Zinakatala. Ziko na macho ya kuchagua muzuri kunipita mimi.”

Chadia alijikaza asicheke, akashindwa. Kijana akajitaja: Bulaimu, mtu wa Kabambare. Yeye na mwenzake Mado walikuwa mafundi wa kupamba nyumba kwa taa, za arusi na za sikukuu, kwa betri na paneli za jua. “Mutu anatuita, tunapima, tunafunga, tunawasha. Sikukuu ikipita, tunakuja kufungua.”

Kumbe Chadia alikuwa anatafuta watu kama hao. Maulidi ilikuwa imekaribia, na nyumba ya baba yake, Mzee Kamaldine, ilikuwa na miaka minne bila hata fanusi barazani. Tangu mama yake, Marcelline, alipofariki, wageni walikuwa wakipita mlangoni wakisalimia kwa mbali. Chadia alitaka nyumba ing’ae mwaka huu, watu warudi, na baba yake atoke kitini.

“Nyumba iko kubwa?” Bulaimu aliuliza.

“Kubwa. Lakini iko kimya.”

“Nipe namba yako, tutakuja kupima.”

“Namba ya kazi tu.”

“Ya kazi, ndiyo. Leo.”

Simu ya kwanza ilikuwa ya kuuliza njia. Ya pili ilikuwa ya kuuliza kama ya kwanza ilisikika vizuri. Kufika siku ya tano, aliyepiga alikuwa Chadia.

“Allô, Bulaimu? Ngazi yako iko na mita ngapi?”

“Ine. Unauliza juu ya nini?”

“Papa anauliza.”

“Papa anauliza ngazi saa ya chakula?”

“Basi, ni mimi nauliza.”

“Sema tu kama ulitaka kusikia sauti yangu, sheri wangu. Taa hazitaungua.”

Kazi ilianza Jumatatu. Mado, mwanamke mnene mchangamfu aliyejifunga kilemba chekundu, alishughulika na betri. Bulaimu akapanda ngazi. Walipamba baraza, wakapamba pande mbili za nyumba, wakamalizia ukuta wa nyuma. Ukuta huo wa matofali ya udongo ulikuwa na dirisha moja, la chumba cha marehemu Marcelline. Mzee Kamaldine alikifunga chumba hicho siku ya arobaini, akatia ufunguo mfukoni, na haukutoka tena.

Asubuhi ya Jumanne kamba ya taa ya ukuta wa nyuma ilikuwa barazani. Haikukatwa. Ilikunjwa duara juu ya duara, ikafungwa katikati kwa fundo la vitanzi viwili. Misumari yote ilikuwa pembeni, hakuna hata mmoja uliopinda.

“Mwizi gani huyu?” Mado alisema. “Anafungua, anakunja vizuri, kisha anaacha?”

Mzee Kamaldine aliliangalia lile fundo. Akakiweka chini kikombe chake cha chai.

“Musifunge kule nyuma,” akasema.

“Tusifunge juu ya nini, papa?” Chadia akauliza.

Mzee akarudi kitini kwake. Chadia hakukubali nyumba iwe na upande wa giza kama jicho lililotoboka. Akawaomba mafundi wafunge tena. Wakafunga. Jumatano asubuhi taa zilikuwa barazani, zimekunjwa vilevile, kwa fundo lilelile. Mado alijipangusa mikono kwenye kitenge chake ingawa haikuwa na uchafu. Siku hiyo hakuimba kazini kama kawaida yake.

Jioni Bulaimu alipiga simu.

“Chadia, nataka kuleta wajomba zangu kwa papa yako.”

“Kufanya nini? Kupima nyumba?”

“Usinicheke. Unajua.”

Chadia alikuwa amesimama uani. “Nipe kesho,” alisema polepole. “Kesho utasikia jibu langu.”

Alhamisi alfajiri Chadia aliondoka kwa pikipiki kwenda Nyangwe, kumwambia shangazi yake habari hiyo kwanza, kama heshima inavyotaka, na kuleta samaki wa sikukuu. Alimwagiza baba yake awaambie mafundi kwamba hayupo. Mzee akasahau.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mchana Bulaimu alipeleka ngazi nyuma ya nyumba, safari hii na waya na koleo, ili taa zisifunguliwe tena. Alipofika juu, akaegemeza kiganja kwenye ubao wa dirisha. Ubao ulikuwa na joto, kama kwamba mtu ameuegemea kwa upande wa ndani.

Akasikia pumzi. Kisha sauti.

“Kijana, shuka.”

Ilikuwa sauti ya Chadia, imechoka kidogo. Ilisema Kibangubangu, lugha ya kwao Kabambare. Bulaimu akatabasamu. Marehemu Marcelline alikuwa mtu wa kule. Bila shaka Chadia alikuwa ameificha lugha hiyo ya mama yake ili amshangaze.

“Chadia? Unafanya nini mule?”

“Shuka. Usipande hapa tena. Ondoka.”

“Ni hilo jibu lako?”

“Ondoka, nimesema! Sasa hivi!”

Sauti haikuwa na mzaha hata kidogo. Bulaimu alishuka, uso unamwaka. Aliacha ngazi imeegemea ukutani na taa zikining’inia. Alimwambia Mado ana homa, wakaondoka pamoja. Njiani akazima simu. Kesho yake asubuhi alipanda pikipiki kwenda Kabambare, siku nzima ya matope na madaraja ya miti, na maneno yale yakimrudia kila gurudumu lilipozama.

Hakujua kwamba nusu saa baada ya yeye kutoka uani, ukuta wa nyuma ulianguka wote.

Chadia alirudi saa kumi na moja jioni na beseni la samaki kichwani. Alikuta majirani wamejaa uani, na chini ya rundo la udongo ikionekana ncha ya ngazi ya mita nne. Beseni lilianguka. Akapiga magoti na kufukua kwa mikono, akiita “Bulaimu! Bulaimu!” mpaka kucha zikatoka damu. Wanaume walifukua kwa majembe hadi magharibi. Walikuta ngazi iliyovunjika vipande na taa zilizosagika. Mtu hakuwamo.

Mado alikuja kesho yake akamwambia ukweli: Bulaimu ni mzima, ameenda kwao.

Hapo ndipo Chadia alipolia. Alikuwa amemfukua kwa mikono yake, kumbe mwenyewe ameondoka bila hata kwaheri. Alipiga simu mara ishirini. Ilikuwa imezimwa.

Siku ya tatu iliita.

“Allô.”

“Bulaimu, mutu mubaya weye! Nilikufukua kwenye udongo! Nilizani umekufa!”

“Udongo gani? Wewe ndiye ulinifukuza!”

“Nikufukuze wapi? Alhamisi nilikuwa Nyangwe, nikimwambia shangazi kama nimekubali!”

Bulaimu alikuwa amesimama mbele ya duka dogo la kaka yake. Akakaa chini palepale. “Umekubali?”

“Nilikuwa nimekubali. Sasa sijue. Udongo wa ukuta wa nyuma ulianguka juu ya ngazi yako.”

“Chadia, ngoja. Uliniambia mwenyewe, mule dirishani. Uliniambia nishuke, nisipande tena. Kwa Kibangubangu.”

“Sijue hata neno moja la Kibangubangu,” Chadia alisema kwa sauti ndogo. “Mama alikuwa anakiongea na papa tu.”

Bulaimu alirudi Kasongo siku yenyewe ya Maulidi, jua likishuka, matope mpaka magotini. Chadia alikuwa mlangoni, amevaa gauni jeupe refu na hina mbichi mikononi, juu ya vidonda vya kucha. Hakukimbia kumpokea. Alimtazama tu mpaka akafika karibu.

“Usizime simu tena.”

“Sitazima tena.”

“Ata ukikasirika.”

“Nikikasirika nitakupigia nikutukane.”

Chadia akacheka, akamshika mkono mbele za watu wote. Mado alikuwa ameshawasha taa. Baraza liling’aa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne watu walikuwa wamekaa mikekani wakisoma Maulidi, watoto wakigawana kaimati. Mzee Kamaldine aliwaacha wageni wake akamkaribia Bulaimu.

“Sauti ile ilikuwa namna gani?”

“Kama ya Chadia, papa. Imechoka kidogo.”

Mzee alifumba macho. “Lile fundo la taa alijua kulifunga Marcelline peke yake. Nililijua siku ya kwanza, nikaogopa kusema.” Akamweka Bulaimu mkono begani. “Walete wajomba zako. Aliyekushusha ngazi alishakukubali kabla yangu.”

Kabla giza halijaingia, Chadia alimvuta Bulaimu kwenda nyuma ya nyumba. Chumba cha Marcelline kilikuwa wazi kwa mbingu, kitanda kimefunikwa na udongo. Kasida zilisikika kwa mbali.

“Nifundishe kusema asante, kwa lugha yake.”

Bulaimu akamfundisha. Chadia akalisema lile neno kuelekea kitandani, akikosea mwanzo, kisha sawasawa.

Ndani ya kifusi mwanamke akaitikia. Maneno machache, ya upole.

Chadia aliubana mkono wa Bulaimu. “Anasema nini?”

Bulaimu akamwinamia sikioni. “Anauliza arusi ni lini.”

Machozi na kicheko vilimtoka Chadia pamoja. “Mwambie mavuno ya mpunga yakiisha.”

Bulaimu akamwambia. Wakasimama bega kwa bega, wasithubutu hata kupumua, mpaka jibu likaja, la upole kama lile la kwanza.