Saa Tatu ya Wapi?

Tangu mama yake afariki, fundi cherehani hakuwa ameigusa mashine yake. Leo aliigusa. Alikuwa akishona shuka la kumfunika mama. Uzi ulikatika mara tatu, maana machozi yalimziba macho.

Baba mkubwa aliingia na simu mkononi.

"Kakako ametuma tiketi yake kutoka ng'ambo. Ndege inaruka kesho saa tatu asubuhi. Basi tunazika kesho hiyohiyo, saa kumi jioni."

"Atawahi, baba mkubwa?"

"Ana saa saba nzima! Anakuja kwa ndege, mwanangu, si kwa mkokoteni."

Fundi alirudisha uzi kwenye sindano. Miaka tisa mama alikuwa akiuliza, "Mwanangu anakuja lini?" Mpaka anakata roho, alikuwa akiuliza.

Jirani alikuwa pale, akipanga vikombe. Kazi yake ni kufanya usafi uwanja wa ndege. Watoto wa mtaa humwita Mama Ndege.

"Saa tatu ya wapi?" aliuliza.

"Saa tatu ni saa tatu," alijibu baba mkubwa. "Au ya kwako ina mkia?"

"Mzee, kule kazini kuna saa za ukutani, kila moja ya mji wake. Nazipangusa kila siku. Ile ya mji wa kijana wenu iko nyuma yetu kwa saa saba. Jua linatufikia sisi kwanza, wao baadaye. Kwao ikiwa saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi jioni. Nyinyi mkimshusha mama kaburini, yeye huko ndiyo kwanza anafunga mkanda."

Shuka lilimponyoka fundi.

Mama Ndege aliomba simu, akaitazama tiketi.

"Umbali umeandikwa hapa. Kilomita elfu kumi na mia nane. Ndege kubwa hula kama mia tisa kwa saa. Haya, gawanya."

Baba mkubwa alihesabu kwa vidole mpaka vikamwishia. "Kumi na mbili!"

"Ongeza saa tatu za kungoja ndege nyingine njiani. Kumi na tano. Atatua keshokutwa saa moja asubuhi. Foleni, mizigo na barabara, weka saa mbili tena."

"Watu wameshaambiwa," baba mkubwa alisema kwa unyonge. "Kaburi limeshachimbwa."

"Kaburi halikimbii, baba mkubwa." Fundi aliliokota shuka. "Nakuomba. Amwone uso tu. Sina kingine cha kumpa."

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akaanza kuwapigia watu simu, mmoja baada ya mwingine. "Tumekosea hesabu. Ni keshokutwa, saa tano asubuhi."

Siku ya mazishi, saa tatu na nusu asubuhi, kaka aliingia na begi begani. Jeneza lilifunuliwa.

"Mama, nimekuja."

Akaita tena. Kisha akakaa chini.

"Nimechelewa, dada."

Fundi alikaa kando yake sakafuni.

"Kumkuta, umechelewa," alisema. "Kumzika, umewahi."