Dawa ya Opiyo Haigawanywi

Ajwang wa Kombewa alizaa pacha, Opiyo na Adongo, na tangu siku hiyo kila kitu aliwagawia wote wawili. Opiyo akipata shati, Adongo naye gauni. Ukimpa pacha mmoja umemlaani mwenzake. Ndivyo alivyolelewa kuamini. Sasa ni watu wazima. Opiyo anashona nguo, Adongo anauza omena, wale dagaa wa ziwani.

Opiyo alitokwa na mabaka mkononi. Siku moja sindano ya cherehani ikampenya kidole, naye akaendelea kushona, hasikii maumivu. Hospitalini wakasema ni ukoma. Wakampa vidonge vya kila siku.

Miezi ikapita, mabaka yakabaki. Vidole viwili vikaanza kujikunja. Ajwang akachanganyikiwa. Dawa gani hii?

Asubuhi moja Lornah, mhudumu wa afya wa kijiji, alimkuta Adongo akimeza kidonge.

"Wee! Hiyo si ya Opiyo?"

"Leo ni zamu yangu. Jana ilikuwa yake."

Lornah akashika kichwa, akamgeukia Ajwang. "Mama Pacha, unataka kijana akose vidole?"

"Lakini walitoka tumbo moja!" Ajwang akasema. "Na baba ya mama yangu alikuwa na ugonjwa huu. Hii ni ya damu. Mmoja akipata, mwingine yuko njiani."

"Ukoma ni vijidudu, Mama. Vinapita kwa pumzi, ukikaa sana na mgonjwa ambaye hajatibiwa. Wengi wetu, mwili unavishinda. Wachache wamezaliwa na mwili unaovifungulia mlango."

"Kwa hivyo ni ya ukoo ama si ya ukoo?"

"Mlango unaweza kuwa wa ukoo. Mwizi anatoka nje."

"Na pacha je?"

"Hawa wako, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, ni kama ndugu wengine tu. Hawakurithi sawa. Adongo apimwe ngozi. Dawa ni ya Opiyo, kila siku, bila kuruka."

Adongo akacheka. "Kumbe nimemeza bure!"

"Hujameza bure. Umemnyima ndugu yako."

Kicheko kikaisha.

Adongo alipimwa, hakuwa na kitu. Opiyo alirudishwa hospitalini, akaanza upya, akameza mpaka mwisho. Mabaka yalififia. Vidole vyote vipo, ila kimoja kimebaki kigumu, kwa kuwa walichelewa.

Mambo ya kurithi bado yanamchanganya Ajwang. Lakini shule zilipofunguliwa, yeye mwenyewe alipeleka sokoni sare alizoshona Opiyo. Mama mmoja akaishika kaptura kwa ncha za vidole.

"Haitamwambukiza mtoto?"

"Ugonjwa haukai kwa nguo," Ajwang akasema. "Na fundi amemaliza dawa, yote, peke yake. Mvalishe mtoto aende shule."