Wizi wa Gari la Kuvuta Magari

Gari halikuwepo. Palibaki doa la oili, majani meupe yaliyokosa jua, na mwenye kiwanja aliyefura kwa hasira.

"Lori bovu la kuvuta magari," alimwambia Inspekta. "Limelala hapa miaka sita. Ijumaa lilikuwa likatwe, liwe chuma chakavu. Leo naamka, limeota mbawa."

"Lilikuwa linawaka?"

"Hata honi halina."

"Basi limevutwa."

Inspekta alichuchumaa. Alama za matairi zilikwenda moja kwa moja hadi langoni. Kazi safi, hata nguzo haikukwaruzwa. Lori lile alilijua. Alipokuwa konstebo mpya alilipanda mara nyingi na dereva wake, Mzee Kulabu, wakaenda kutoa magari mitaroni. Kiti cha abiria kilikuwa na springi inayochoma. Mzee alimtandikia gunia.

Kituoni alifungua kitabu cha matukio. Sheria ndogo ya halmashauri ilikuwa wazi: anayevuta gari kutoka kiwanja cha mtu awe na idhini ya maandishi, na aarifu polisi ndani ya saa moja, ili mwenye gari asidhani limeibwa.

Lori lilikuwa limeandikwa humo. Namba, mahali, saa.

"Nani alipiga simu?" alimuuliza konstebo wa kaunta.

"Mzee mmoja, afande. Hakutaja jina. Akasema niandike kwamba breki ya mkono aliikuta imekazwa, akaiachia."

"Mwizi anakupigia simu, nawe unamwandikia?"

"Alikuwa na adabu, afande."

Inspekta alifunga kitabu. Alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akiripoti breki ya mkono.

Alimkuta Mzee Kulabu uani kwake, akifuta kioo cha lori kwa fulana kuukuu. Kando lilisimama gari la kuvuta la mpwa wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, konstebo."

"Inspekta siku hizi."

"Kwangu konstebo. Na umechelewa. Nimepiga simu tangu saa kumi na mbili."

"Ulipiga ya nini?"

"Miaka thelathini na moja sijavuta gari bila kuripoti. Mkono ulishabonyeza namba kabla sijakumbuka kuwa naiba."

"Kwa hiyo unakiri."

"Nakiri. Kampuni yetu ilipokufa waliuza kiwanja na vyote vilivyomo. Nikameza. Lakini kulikata kwa gesi? Marehemu mke wangu nilimtoa kwao kwa lori hili, kulabu imefungwa maua. Nilitaka lizeeke na mimi."

Inspekta alifungua mlango wa abiria. Gunia lilikuwa bado pale, limebonyea katikati.

Aliligusa kwa kiganja. Kisha akaufunga mlango taratibu.

"Utashtakiwa, mzee."

"Najua."

"Na lori halibaki hapa. Linakwenda kituoni, ni kielelezo. Kielelezo hakikatwi mpaka kesi iishe. Na kesi zetu unazijua."

Mzee aliacha kufuta kioo. Akaikunja fulana vizuri, akaiweka mfukoni, akaenda kushusha mnyororo wa gari la mpwa wake. Kulabu iliponasa, akageuka.

"Piga simu kituoni, konstebo. Saa moja isipite."