Daftari la Tiwi

Ijumaa, saa tatu asubuhi. Ukunda, chumba cha nyuma cha kinyozi.

"Daftari ni moja," Rai alisema. "Kubwa, jalada jekundu. Likiungua, kazi imekwisha."

Rai ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na hakupenda kurudia maneno. Nzioka, dereva, alisokota sigara. Mwero, tarishi wa ofisi ya ardhi kule Kwale, alikaa juu ya gunia la mkaa, jasho likimtoka na jua bado halijawa kali.

Mambo yalikuwa hivi. Uhuru ulikuwa na miaka sita, na wakubwa walitaka mtindo mpya. Madaftari ya mkoloni yafungwe. Kila shamba liandikiwe kadi yake, kadi zipangwe kwenye kabati la chuma lenye droo. Aliyepewa kazi ya kunakili ni Muli, karani aliyeletwa kutoka bara. Naye, ibilisi yule, mashamba ya ufukweni Tiwi aliyanakili kwa jina la tajiri mmoja wa Mombasa. Jumamosi ofisa angelinganisha kadi na daftari. Basi daftari lisiione Jumamosi.

"Na shamba la mama?" Mwero aliuliza.

"Mara ya ngapi hiyo? Lako limeachwa. Muli alikuuliza jina la baba, ukasema Kombe. Amemwona Kombe wa Tiwi daftarini, amekuandikia kadi. Ukileta daftari, nakupa. Usipoleta, naichana. Umefahamu?"

Mwero alifahamu. Akikataa, mama atatolewa kwenye minazi yake. Akienda polisi, nani atamsikiliza tarishi mbele ya karani? Walikuwa wamembana kotekote, wanaharamu hawa.

Saa sita na dakika arubaini. Kwale.

Adhana ilikwisha. Ofisi nzima, hata askari wa lango, walikwenda msikitini. Alibaki Muli, Mkristo, na funguo. Mwero hakuwa amekosa Ijumaa hata moja tangu abalehe, mpaka leo.

"Nifunge mikono," Muli alinong'ona. "Ionekane nimevamiwa."

Mwero akafunga. Akakaza hasa, mpaka karani akalia yalaa. Kisha akalitia daftari guniani, akatoka nalo begani. Nje, Jumwa muuza njugu alimtazama.

"Ijumaa nawe wabebeshwa kazi, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Mungu yu macho."

Saa saba na robo. Garini.

Waliteremka kilima, wakaipita njia ya kwao Tiwi bila kupunguza mwendo. Mwero alikaa nyuma ya Rai na Nzioka, daftari mapajani.

"Kadi yangu."

Rai akaitupa nyuma. Mwero aliisoma kwa kufuata kidole. *Mwero wa Kombe. Ploti 19.* Akafunua daftari, kila ploti na ukurasa wake, kumi na tisa. Kombe wa Chengo, mchoma chokaa. Lo! Huyu si babake. Babake hakuwa na mnazi hata mmoja Tiwi!

Akafunua tena. Thelathini na moja. *Dzombo.* Chini yake alama ya dole gumba lenye kovu, la mjomba wake, nduguye mama.

Kwa Wadigo wa zamani shamba hutoka kwa mjomba likaenda kwa mpwa. Baba ni mgeni pale. Mtoto wa Tiwi anayajua hayo kabla ya kuota meno. Muli wa bara hakuyajua, akauliza jina la baba. Na Mwero, mwana wa pwani, akajibu alichoulizwa akanyamaza! Uoga humfanya mtu mpumbavu, jamani.

"Rai, hii si yangu. Letu ni thelathini na moja."

Rai akatazama karatasi yake ya orodha. "Thelathini na moja ni ya tajiri."

"Geuza gari."

Nzioka akacheka. Rai hakucheka. Alitoa bastola, akaiweka kwenye goti. "Funga hilo daftari. Tanuri la kiwanda cha sukari liko Ramisi, linangoja."

Saa nane na dakika kumi. Msambweni.

Trekta la miwa lilikuwa limeziba barabara, trela nne nyuma yake. Nzioka akapiga honi, akatukana. Mkono wa kulia, hatua hamsini, kituo cha polisi.

Mwero hakufikiri. Alipiga mlango teke, akaruka na daftari kifuani. Mlio mmoja. Paja likawaka moto. Akaanguka, akainuka, akajiburura. Nyuma yake mabuti ya askari wakilizunguka gari, kelele, Nzioka akiomba, "Mimi ni dereva tu, wakubwa!"

Ndani, Koplo Mangi alimkuta ameegemea kaunta.

"Leta hicho kitabu nikufunge jeraha."

"La. Andika kwanza. Nimekiiba mimi, Mwero, ofisi ya ardhi. Karani Muli alinifungulia, ili kadi zake za uongo zisilinganishwe nacho. Kurasa mia mbili na kumi. Hesabu."

"Unavuja damu, ndugu yangu."

"Hesabu!"

Koplo akahesabu, akaandika. Kisha akainua macho. "Hiki sasa ni kielelezo. Kitawekwa chini ya kufuli mpaka kesi iishe, na kadi zao zitakisubiri. Lakini kesi yenyewe ni yako. Umejifunga mwenyewe, wajua?"

"Najua. Andika ukurasa wa thelathini na moja. Neno kwa neno."

Koplo akaandika, akasoma kwa sauti. "Ploti thelathini na moja, Tiwi. Dzombo. Dole gumba."

"Rudia jina."

"Dzombo."

Hapo ndipo Mwero alipoliachia daftari, akanyoosha mikono yote miwili kufungwa pingu.