Picha Karibu na Mlango

Ukumbi wa makumbusho ulijaa watu waliokuja kuona mafumbo ya mbao na chuma. Fundi lifti, akiwa bado na ovaroli ya kazi, alirudi nyuma kuwapisha watoto, akamkanyaga mwongoza wageni, msichana wa gauni la kijani.

"Kaka, huo mguu bado nauhitaji!"

"Nisamehe, dada. Nikufidie nini?"

"Fungua kile kisanduku. Hakuna aliyekiweza."

Kisanduku hakikuwa na kitasa wala bawaba. Fundi alikitazama, akaonyesha viganja vyake. "Ngoja ninawe kwanza, nina grisi."

Aliporudi, alisukuma ubao mmoja, akavuta mwingine, akakiinamisha. Kikafunguka. Watu wakashangilia. Akapigwa picha, ikatundikwa karibu na mlango: mtu wa kwanza kukifungua.

Tangu siku hiyo msichana alimwita Kichwa. Simu zao zilikuwa ndefu.

"Kichwa wangu, umekula?"

"Nikisikia sauti yako nashiba."

"Mwongo! Jumapili mama anakuja makumbusho. Anataka akuone ukifungua kingine, kipya."

Fundi akaaga upesi, akakata simu.

Jumapili alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Mama mtu akakaa mbele, mkoba mapajani. "Haya, mwanangu, tuonyeshe."

Fundi alikigeuza kisanduku kipya huku na huku, hakikufunguka. "Kichwa kinaniuma, mama," alisema, akateremka ngazi mbiombio, akaipita picha yake bila kuinua macho.

Hakupokea simu tena. Kila aliposali, maneno yalimkwama kwenye kuomba msamaha, kwa maana alijua hakumkosea Mungu peke yake. Mwishowe akainuka, akaenda makumbusho.

Alimkuta msichana akifuta vumbi kwenye meza.

"Itoeni ile picha," alisema. "Sikwenda kunawa. Nilikwenda kutazama kwenye simu video ya kufungua kisanduku kama kile."

"Najua."

"Unajua?"

Msichana alimshika mkono, akampeleka mlangoni. "Tazama vizuri."

Pichani fundi alitabasamu, kisanduku mikononi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi.

"Ulisema unakwenda kunawa, ukarudi hivyohivyo," alisema msichana. "Nilikifuta kisanduku grisi mimi mwenyewe. Nikaitundika picha ili uwe na sababu ya kurudi. Kisha nikakusifu kwa mama, kwa uongo niliokuwa naujua. Kila nikipita hapa naona haya."

Kisha msichana akaitungua picha, akaigeuzia ukutani.

"Mama anauliza kama kichwa kimepona."

"Twende tukamwambie wote wawili. Halafu, akinisamehe, nitamwomba nikuoe."

"Na asipokusamehe?"

"Nitarudi kesho yake kumwomba tena."

Msichana akacheka, machozi yakimtoka, akamsogezea kile kisanduku kipya. Fundi akamkabidhi simu yake, akaenda kunawa. Safari hii alirudi na viganja vinavyodondosha maji, akasukuma ubao. Haukusogea. Akasukuma mwingine.

"Siwezi, mpenzi."

"Kosea tu," alisema, akivuta kiti karibu naye. "Nipo."