Namba Iliyoshuka

Saa ya kuona wagonjwa, korido ya hospitali pale Tarime mjini inajaa kama mnada. Siku hiyo Amondi alikuwa anatoka maabara mbio mbio, koti jeupe limefungwa mpaka shingoni, rasta zake amezibana kwa kitambaa cha njano, akagongana na kijana mwenye chupa ya uji. Uji wote kifuani.

"Jamani! Huoni?"

"Naona," kijana akasema. "Ndiyo maana nimegonga."

Amondi alitaka kukasirika akashindwa. Kijana mwenyewe mrefu, gambuti zimejaa tope la kijijini kwao Nyarero, jasho linamtiririka. Jina lake Kisyeri. Baba yake, mzee Nchagwa, alikuwa amelazwa na kidonda cha mguu kilichogoma kupona.

Kuanzia hapo simu hazikuisha.

"Umekula, Mjaluo wangu?"

"Nimekula. Wewe umeoga, Mkurya?"

"Njoo unuse."

Wiki zikaenda. Kisyeri akamwambia baba yake habari za Amondi, mzee akacheka kwa shida.

"Nipeleke nyumbani nikaseme mbele ya ndugu zako. Ng'ombe wa kumuolea hawatolewi hospitali."

Kwao neno la mwisho la mzee linasemwa bomani kwake, wanawe wote wakisikia. Likisemwa kwingine, ni upepo tu.

Kabla hawajaondoka, homa ikampanda mzee. Ugonjwa wa kidonda ulikuwa umeingia kwenye damu. Wakamhamishia chumba cha mahututi, mashine zinalia kila upande. Simioni, kaka mkubwa, akaleta gari. "Tunamtoa leo," akasema. "Akafie kwake."

Kisyeri akakimbilia dirisha la maabara. "Niambie wewe, Amondi. Tumpeleke au tumwache?"

Amondi ndiye aliyekuwa anapima damu ya mzee. Kuna kitu kwenye damu kinaitwa lakteti. Mwili ukielemewa kinapanda, na kikigoma kushuka madaktari wenyewe wanaanza kutazamana. Asubuhi kilikuwa juu sana. Mchana kikashuka. Daktari alikuwa amekataza ndugu wasiambiwe lolote kwanza. Lakini Amondi aliyatazama macho ya Kisyeri, mekundu, akaiona na harusi yake mwenyewe nyuma ya macho hayo.

"Namba imeshuka," akanong'ona. "Mwacheni. Atapona, mpenzi."

Kisyeri akamwambia Simioni arudishe gari.

Kesho yake, jua halijachomoza vizuri, mzee Nchagwa akafa katikati ya mashine. Hakuna hata mwanawe mmoja aliyesikia neno lake.

Simu ya Amondi ikaita mara moja tu. "Ulisema atapona." Ikakatwa. Akipiga yeye, haipokelewi.

Siku ya mazishi akaenda Nyarero hivyo hivyo, gauni jeusi, kanga kichwani. Wanawake wakaonyeshana kwa midomo. Simioni akasema kwa sauti watu wasikie, "Huyo ndiye aliyetunyima neno la tata, baba yetu. Ng'ombe wa kumuolea hakuna."

Kisyeri akapita mbele ya kaka yake. Akamvuta Amondi mpaka pembeni ya zizi.

"Ile namba. Ulinidanganya?"

"Hapana. Ilishuka kweli. Ikishuka wengi wanapona. Wengine hawaponi. Hicho ndicho sikukuambia. Nilitaka sana apone, nikasema kama vile najua."

Kisyeri akatazama ng'ombe.

"Kwa hiyo mzee alikuwa anapigana."

"Alipigana, Kisyeri. Mpaka mwisho."

Hapo ndipo alipolia, paji la uso begani kwa Amondi, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Akajipangusa na mkono wa shati.

"Ng'ombe sina tena. Kuwatafuta mwenyewe ni miaka. Utanisubiri?"

"Ndiyo" ilishafika mdomoni. Amondi akaimeza.

"Nataka," akasema. "Lakini kama nitaweza, sijui."

Alidhani Kisyeri ataondoka. Lakini Kisyeri akaitikia kwa kichwa polepole.

"Hilo naliamini," akasema. Akamshika mkono mbele ya watu wote, wakaenda kumzika mzee.